Aliyeua na Aliyesababisha: Historia ya Vifo katika Ardhi ya Handeni na Korogwe

 

Mwenye kuhudhuria mazishi katika vijiji vya Handeni au Korogwe husikia mazungumzo mawili kwa wakati mmoja. Chini ya mwembe, walipokaa wazee na masheikh, husemwa kuwa siku za marehemu zimefika, na ajali haisogei mbele wala nyuma. Uani, walipokaa kina mama, husemwa jambo jingine: homa ilianza Jumatano, dawa ilinunuliwa dukani ikawa nusu dozi, gari lilitafutwa likakosekana, tulipofika daktari alisema mmechelewa. Mazungumzo ya kwanza ni itikadi yetu na hakuna Muislamu anayeyapinga. Haya ya pili, sisi wenye vilemba tumezoea kuyanyamazisha, tukiyaona ni maneno ya watu wasioridhika na kadari.

Nimeosha maiti kwa zaidi ya miaka thelathini, na kwa muda mrefu nilikuwa miongoni mwa hao wanyamazishaji. Katika makala hii nataka kuonesha kuwa mazungumzo ya uani nayo yana mlango wake katika fiqhi, na kuwa historia ya vifo vya ardhi hii haisomeki sawasawa pasipo mlango huo.

Tuanze na neno lenyewe. Ajal kwa Kiarabu ni muda uliowekwa. Kiswahili chetu kimelichukua neno hilo na kuyapa mabasi na malori, hata mtu akisema fulani kafa kwa ajali hueleweka kuwa kagongwa, ilhali kwa asili ya neno kila aliyekufa amekufa kwa ajali yake. Lakini mafakihi hawakuishia hapo. Walihitaji kujua sababu, kwani hukumu nyingi zimefungwa nayo. Aliyeuawa katika vita vya jihadi haoshwi wala haswaliwi katika madhehebu ya Imam Shafi, ilhali aliyekufa kwa maradhi ya tumbo, aliyezama maji, aliyeangukiwa na ukuta, aliyekufa kwa tauni na mwanamke aliyefia katika uzazi wanahesabiwa mashahidi wa akhera, nao huoshwa na kuswaliwa. Mrithi aliyemuua anayemrithi hana fungu. Zawadi aliyoitoa mgonjwa katika maradhi yake ya mwisho haivuki thuluthi. Haya yote hayawezi kuhukumiwa na mtu anayejibu tu kwamba siku zake zimefika.

Katika mlango wa jinai na dhamana, maulamaa wametenganisha watu wawili. Wa kwanza ni mubashir, ambaye kitendo chake chenyewe ndicho kilichoua. Wa pili ni mutasabbib, aliyeweka sababu iliyofikisha kwenye kifo bila mkono wake kumgusa aliyekufa. Mfano wao maarufu ni wa mtu aliyechimba shimo njiani. Akija mwingine akamsukuma mpita njia ndani yake, hukumu humwangukia aliyesukuma. Lakini mpita njia akitumbukia mwenyewe gizani, na mchimbaji hakuwa na haki ya kuchimba pale, basi mchimbaji ndiye anayedaiwa. Naomba msomaji ashike tofauti hii, kwani tutaihitaji kila hatua.

Mwaka wa 18 H. ulikuwa mzito juu ya Waislamu wa mwanzo. Ilikuwa Aamu Ramada, mwaka wa ukame ambao ardhi ya Hijazi iligeuka kama majivu, na ilikuwa pia tauni ya Amwas katika nchi ya Sham, iliyowachukua sahaba wakubwa kama Abu Ubayda bin al-Jarrah na Muadh bin Jabal (r.a.). Yanayosimuliwa sana ni yale ya Sargh, pale Umar bin al-Khattab (r.a.) alipogeuza msafara wake asiingie penye maradhi. Abu Ubayda akamuuliza iwapo anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu, naye akajibu kwa maana kuwa anatoka katika kadari ya Mwenyezi Mungu kwenda katika kadari nyingine ya Mwenyezi Mungu. Yasiyosimuliwa sana ni yale aliyoyafanya Madina wakati wa njaa. Ibn Saad amepokea kuwa Umar aliamuru wahesabiwe wanaokuja kula chakula chake, kisha wakahesabiwa na wale wasioweza kuja: wagonjwa, wanawake na watoto. Hakuikata mikono ya walioiba kwa njaa mwaka ule. Kwa lugha ya mafakihi, aliyeiba alikuwa mubashir wa wizi, lakini Umar aliitazama njaa iliyo nyuma yake.

Na kuhesabu wafu si bidaa ya Wazungu, kama nilivyowahi kuambiwa na kijana mmoja msikitini. Kairo ya zama za Mamaluki ilikuwa na diwani ya mirathi iliyoandika waliokufa, ili ijulikane mali zipi hazina warithi. Tauni ilipozidi, wanahistoria kama al-Maqrizi na Ibn Taghribirdi waliona hesabu ya diwani haitoshi, wakategemea hesabu ya majeneza yaliyopita katika viwanja vya kuswalia maiti. Hafidh Ibn Hajar al-Asqalani alikusanya kitabu kizima juu ya fadhila na hukumu za tauni, Badhl al-Maun, naye tauni ilikuwa imempitia nyumbani kwake: mabinti wawili mwaka 819 H., na binti yake mkubwa, akiwa mjamzito, mwaka 833 H. Nadhani mtu aliyefukia watoto watatu ana haki ya kuuliza sababu bila kutuhumiwa imani yake.

Sasa tuingie Uzigua.

Wazee wa Handeni wana njaa zao, na kila moja ina jina. Inayotajwa kwa hofu kuliko zote ni Kidyakingo, ambayo wanahistoria wanaiweka katika miaka ya 1830. Jina lenyewe linasimulia watu waliofikia kula ngozi. Mvua ilipokatika mwaka baada ya mwaka, watu waliteremka pwani kutafuta nafaka, na asiyekuwa na kitu cha kubadilisha alijitoa mwenyewe au kutoa mtoto wake. Majahazi yaliwachukua hadi pwani ya Somalia, kwenye mashamba ya bonde la Shebelle. Baadaye wengi walitoroka kuelekea mto Juba, na masimulizi yao yanamtaja mwanamke aitwaye Wanankhucha kuwa ndiye aliyewaongoza. Huko Juba vizazi vyao vimeendelea kusema Kizigua mpaka karne hii.

Fiqhi ina neno kali hapa. Mtu huru si mali. Kuuzwa kwake ni batili kwa ijmai, hata akijiuza kwa ridhaa yake, hata njaa ikiwa imemfikisha kwenye roho. Imekuja katika hadithi qudsi kwamba Allah (s.w.) Mwenyewe atakuwa hasimu wa mtu aliyemuuza huru na kula thamani yake. Wanunuzi katika bandari zile walikuwa wakiswali swala tano. Siandiki hili kumfurahisha anayetafuta la kuusema Uislamu, wala siwezi kulificha kwa kuwa linatuuma. Wala haki hainiruhusu kuwaacha Wazigua wenyewe pembeni, kwani baadaye katika karne ile, bunduki zilipoingia, walikuwepo miongoni mwao waliowakamata jirani zao Wabondei na Wasambaa wakawapeleka sokoni. Ukame ulikuwa mubashir. Aliyepanga bei ya pishi ya mtama kuwa ni mtoto, tumwite nani?

Vita vya Somalia vya mwaka 1991 vilipowatawanya watu, wajukuu wa wale waliokwenda kwa majahazi walirudi Tanzania kama wakimbizi. Walipokewa Mkuyu, Handeni, na mwaka 2003 wakahamishiwa makazi ya Chogo, katika wilaya hiyo hiyo, na baadaye wengi wao wakapewa uraia. Walikuja wakizungumza Kizigua na wenyeji wao, Waislamu kwa Waislamu. Hawakuwa na daftari lolote la wale waliokufa mwaka wa Kidyakingo. Walichokuwa nacho ni lugha.

Miaka ya 1890 ilileta misiba kwa mfululizo ambao hata mtu wa leo akiusoma hupumua kwa shida. Kwanza sotoka, maradhi ya ng'ombe yaliyoenea Afrika Mashariki karibu na mwaka 1890 na kufagia mifugo. Ilikuwa ndiyo kwanza vita vya Wajerumani na Bwana Heri wa Saadani vimepita, na vijiji vilivyokuwa upande wake vimechomwa. Mwaka 1894 wakaja nzige, na njaa ikafuata mpaka 1896. Watu hawajanyanyuka, ukaja ukame mwingine wa 1898 hadi 1900, ukiongozana na ndui na funza wa miguuni. Katika mwaka huo huo wa 1898 Wajerumani walianza kukusanya kodi ya nyumba. Mwenye nafaka kidogo aliiuza apate rupia, kisha akanunua nafaka kwa bei ya juu asipoiweza.

Mwanahistoria James Giblin, aliyeandika juu ya ardhi hii kuanzia 1840 hadi 1940, ameeleza jambo ambalo wazee wetu walilijua kwa kuliona. Zamani wakubwa wa Uzigua waliweka akiba, na mwenye njaa alikwenda kwao akapewa, akawa mtu wao. Utawala wa kikoloni ulipowanyang'anya uwezo huo, akiba ikaondoka pamoja na uwezo. Mashamba yaliachwa, msitu ukarudi, na msitu uliporudi walirudi mbung'o na kupe, ng'ombe hawakuweza tena kukaa mahali walipokuwa wakikaa. Kwa hiyo aliyekufa kwa ndui mwaka 1899 aliandikwa, kama aliandikwa, kuwa kafa kwa ndui. Mwili wake ulikuwa umeshadhoofishwa na njaa, na njaa ilikuwa imetengenezwa na nzige, vita, kodi na kuvunjwa kwa ghala. Ukiliuliza swali la fiqhi, ndui ndiyo mubashir, na nyuma yake kuna safu ya wachimba mashimo.

Vita Vikuu vya Kwanza nitavipitia kwa ufupi. Majeshi ya Waingereza yaliteremka bonde la mto Pangani, na mwezi Juni 1916 yakaitwaa Korogwe na kisha Handeni. Pande zote mbili zilichukua chakula na wanaume. Wapagazi waliokufa upande wa Waingereza, katika vita vyote vya Afrika Mashariki, hukadiriwa kuwa zaidi ya 90,000, na wengi mno waliuawa na kuhara damu na homa kuliko risasi. Wengi wao hawana kaburi linalojulikana. Ikiwa kuna Waislamu waliokufa kwa tumbo wakiwa wamebeba mizigo wasiyoichagua, basi tunawatarajia daraja ya mabtun, na malipo yao yako kwa Mola wao. Baada yake, mwaka 1918 na 1919, mafua makubwa ya dunia yakaua makumi ya maelfu katika Tanganyika.

Korogwe ilikuwa na hali yake. Reli kutoka Tanga iliifikia mwaka 1902, na mkonge ukafuata reli. Watu wa mbali waliletwa kama manamba, kila mmoja na kipande chake cha kuhesabia siku za kazi. Kambi, maji yaliyotuama, watu waliotoka nyanda zisizo na mbu wakalazwa bondeni: malaria haikuhitaji mwaliko. Ila kwa wenyeji, malaria haikuonekana kuwa muuaji. Ilikuwa homa tu, na homa ni ya kila mtu. Mtoto alikufa kwa degedege, kwa bandama, kwa mchango, kwa kijicho cha jirani. Majina yalikuwa mengi kiasi kwamba muuaji mmoja aliweza kujificha nyuma ya yote.

Aliyemfichua alikuwa hesabu. Kati ya mwaka 1955 na 1959 taasisi ya malaria ya Amani, katika milima ya Usambara, ilisimamia mpango wa kupulizia dawa ya mbu ndani ya nyumba katika eneo la Pare na Taveta, kaskazini ya Korogwe kwenye mpaka wa Kenya. Kabla ya dawa, walikuwa wakifa watu 24 kwa kila 1,000 kwa mwaka. Baada yake walikufa 12. Watoto wachanga waliokufa kabla ya kutimiza mwaka walikuwa 165 kwa kila 1,000 waliozaliwa. Wakashuka hadi 78. Soma tena tarakimu hizi, ndugu msomaji. Hakuna uchawi uliopungua Upareni miaka ile, wala kijicho. Waliondolewa mbu, na nusu ya mazishi ikaondoka nao. Upuliziaji uliposimamishwa, malaria ilirudi, lakini vifo havikurudi palepale pa zamani, na moja ya maelezo yanayotolewa ni kuwa dawa za homa zilikuwa zimeanza kupatikana kwa watu.

Hapa inanibidi niseme la kwangu.

Mwaka 1991 nilikuwa kijana wa miaka ishirini na kidogo, nimetumwa kufundisha madrasa katika kijiji kimoja upande wa Handeni. Jioni moja baada ya Magharibi aliletwa mtoto wa kiume wa miaka mitatu hivi, macho yamegeuka, mwili unatetemeka. Baba yake alikuwa na baiskeli, na zahanati ilikuwa mwendo wa saa mbili. Aliniuliza ampeleke? Nami, kwa elimu niliyookota mitaani, nikamwambia asimpeleke, kwani mtoto wa degedege akichomwa sindano hufa. Nikaandika kombe kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, nikaliosha, akanyweshwa kwa kijiko. Nikasema wangoje asubuhi. Kabla ya adhana ya Alfajiri mtoto alikuwa amefariki, na mimi ndiye niliyemwosha.

Nilikwenda kwa mwalimu wangu, Allah amrehemu, aliyenisomesha Minhaj. Nilimuuliza kama kafara inanilazimu, kwani najua kwa Shafi mutasabbib naye hulazimika kafara, tofauti na Hanafi. Alinieleza kuwa maradhi ndiyo yaliyoua, kuwa sikumshika mtoto wala kumfunga baba, na kuwa kauli peke yake mbele ya mtu mwenye hiari haifikii daraja ya tasabbub ya kulazimisha kafara. Kisha akanikumbusha hadithi iliyopokewa na Abu Daud na Nasai, ambayo maana yake ni kuwa mwenye kujitia utabibu na hajulikani kwa utabibu hubeba dhamana. Akaniuliza, "Ulikuwa unajua?" Nikasema sikuwa najua. Akasema, "Na ulisema kama anayejua." Hakuongeza kitu. Nilifunga miezi miwili mfululizo, bila fatwa ya mtu. Baba wa mtoto yule alinishukuru kwa kombe kila tulipoonana, na hilo lilikuwa zito kuliko funga.

Wala simkatazi mtu kisomo. Ruqya ina dalili zake, na dua haizuii baiskeli kwenda zahanati. Kosa langu halikuwa katika sahani ile. Lilikuwa katika neno "ngojeni".

Miaka iliyofuata watu walianza kuhesabu hapa hapa kwetu. Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu ilifungua kituo Korogwe, na tangu mwaka 2003 vijiji vya Mkokola na Kwamasimba vilifuatiliwa mwaka hadi mwaka, wahudumu wa kijijini wakipewa dawa za kutibu homa mapema. Tangu 2006 ufuatiliaji wa vizazi na vifo ukaenea katika vijiji 14 vya Korogwe. Malaria ilishuka sana. Klorokwini iliyokuwa imeshindwa iliachwa mwaka 2001, esipii iliyoichukua nafasi yake nayo ikashindwa, hasa katika mkoa wetu wa Tanga, na mwishoni mwa 2006 ikaja dawa mseto. Hati punguzo za vyandarua zilianza mwaka 2004. Korogwe ikawa pia miongoni mwa vituo 11 vya Afrika vilivyojaribu chanjo ya malaria ya RTS,S kwa watoto kuanzia 2009, chanjo ambayo Shirika la Afya Duniani liliipendekeza mwaka 2021. Vifo vya watoto wadogo vilipungua. Hata hivyo malaria ilibaki miongoni mwa sababu kubwa za vifo, na kwa watu wazima yalionekana UKIMWI na kifua kikuu, na kwa wazee shinikizo la damu na kiharusi, maradhi ambayo vijijini bado yanaitwa kurogwa kwa sababu yanaangusha mtu ghafla.

Lakini nataka kusimama juu ya utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2004, kwani ndio unaogusa moyo wa makala hii. Katika hospitali 10 za kaskazini mashariki mwa Tanzania walichunguzwa wagonjwa 4,474 waliolazwa na kutibiwa kwa malaria kali. Damu zao zilipopimwa kwa darubini makini, waliokuwa na vijidudu vya malaria ni 2,062, chini ya nusu. Waliokuwa na malaria kweli walikufa asilimia 7. Wale wengine, walioandikwa malaria na hawakuwa nayo, walikufa asilimia 12. Miongoni mwao wako ambao hawakupewa kabisa dawa za kuua bakteria, kwa kuwa jina la ugonjwa lilikuwa limeshapatikana. Tumeona zamani malaria ikijificha nyuma ya majina ya kijicho na degedege. Sasa jina la malaria lenyewe limekuwa pazia, na nyuma yake wanakufa watu kwa jingine. Kipimo cha haraka cha kutoboa kidole, kilichoenea zahanati zetu miaka iliyofuata, kimepunguza balaa hili, iwapo mhudumu anakiamini kinaposema hapana.

Sasa, vifo vingi vya kijijini hutokea nyumbani, wala hakuna daktari aliyeviona. Watafiti hutumia njia ya kumuuliza aliyemuuguza marehemu: ilianza vipi, homa siku ngapi, alikohoa, alivimba, alipelekwa wapi. Majibu husomwa na madaktari wawili, kila mmoja peke yake, na wakitofautiana husomwa na wa tatu. Mwenye kujua mlango wa ushahidi hatashangazwa na utaratibu huu. Ila nimeulizwa mara kadhaa kama inafaa mfiwa kujibu, na kama si kumsengenya maiti.

Ninaloliona ni hili. Kusema aibu ya maiti kwa kuzungumza tu ni haramu, na mwosha maiti ameamrishwa kusitiri alichokiona. Lakini kusema ugonjwa wake mbele ya mwenye kuhifadhi siri, kwa ajili ya kuwakinga walio hai, kunaingia katika yale ambayo Imam Nawawi ameyataja kuwa ghiba iliyoruhusiwa kwa haja ya kisheria, nayo hupimwa kwa kadiri ya haja. Muulizaji asiende siku za tanga, watu wakiwa katika kilio chao. Mjane aliye edani ana haki ya kuulizwa nyumbani kwake, kwa adabu, akiwa na mahramu wake au wanawake wenzake, na ana haki ya kukataa. Kuhusu UKIMWI, jina la marehemu lisitoke nje ya karatasi ile. Nimeshuhudia mjane akikimbiwa na ndugu kwa neno moja lililotoka katika kinywa cha mtu aliyehudhuria josho.

Baki mama zetu. Kwa takwimu za taifa zima, mwaka 2004 na 2005 walikadiriwa kufa wanawake 578 kwa kila vizazi hai 100,000, na utafiti wa mwaka 2022 ukatoa 104. Watoto chini ya miaka mitano walikuwa wakifa 112 kwa kila 1,000, wakafika 43. Alhamdulillah, ni rehema kubwa. Lakini aliyebaki katika ile 104 huwa ni wa mbali na barabara, na Handeni ni pana, na masika hukata njia. Mubashir wao anajulikana: kutoka damu nyingi, kifafa cha mimba, uchungu uliokwama. Ama mutasabbib, mara nyingi nimemkuta amekaa nami chini ya mwembe. Ni mume aliyesema asipelekwe mpaka nirudi, au mama mkwe aliyesema mimi nilizaa sita humu humu ndani. Ruhusa ya mume katika kutoka nyumbani ina mahali pake, lakini hakuna fakihi anayeifanya kuwa sharti la kuokoa nafsi, na mwanamke huyo hatoki kwa uasi akienda hospitali bila kumngoja. Mwenye kumzuia akijua hatari yake ajiulize alipo katika mfano wa shimo.

Kuna na barabara kuu. Usiku wa Februari 3, 2023, pale Magila Gereza, Korogwe, gari dogo la abiria lililokuwa likisindikiza maiti liligongana na lori. Watu 17 walifariki, na wengine wakafuata siku zilizokuja, wengi wakiwa jamaa wa familia moja. Tukio kama hilo likiwapata Waislamu, kadhi huulizwa jambo gumu: nani alitangulia kufa? Isipojulikana, kwa jumhuri ya maulamaa waliokufa pamoja hawarithiani, na mali ya kila mmoja huenda kwa warithi wake walio hai. Ikijulikana kwa hakika, hata kwa dakika chache, mgawanyo hubadilika wote. Kwa hiyo saa ya kifo iliyoandikwa na muuguzi yaweza kumpa yatima nyumba au kumnyima.

Kwa ajili hiyo nimekuwa nikiwashauri maimamu waweke daftari la mazishi msikitini. Haliondoi wajibu wa kusajili kifo kwa wakala wa serikali, RITA, ambao cheti chake ndicho mahakama ya mwanzo hukidai katika mirathi. Daftari langu lina jina, tarehe ya Hijria na ya Miladia, umri, na maradhi kwa kadiri familia ilivyoridhia kusema. Wasiporidhia naandika "aliugua" na kuacha. Kisha nimeongeza safu moja ambayo wenzangu hunicheka nayo, ya kilichochelewesha. Humo mna mto uliojaa, mna nauli, mna mganga, mna mume aliyekuwa Dar es Salaam.

Mstari wa kwanza kabisa wa daftari hilo niliuandika miaka mingi baada ya tukio, kwa kukumbuka. Ni wa mtoto wa kiume, miaka mitatu, 1991. Kwenye maradhi nimeandika degedege, na pembeni yake, malaria. Kwenye safu ya mwisho kuna jina langu.